Frank Hamer, polisi wa barabara: alikuwa hodari wa nani?



Kila mutu mwenye amesafiri kutoka Kolwezi mupaka Lubumbashi anajua ginsi mambo yanakuwa wakati gari linakaribia barrière. Mutu wa uniforme ananyoosha mukono, dereva anapunguza mbio, na ndani ya gari watu wananyamaza. Pale kila mumoja anajiuliza mu moyo: huyu mutu eko hapa juu ya kunilinda mimi, ao eko hapa juu ya mutu mwingine?

Leo tusimulie maisha ya polisi mumoja wa Marekani, mwenye jina lake linajulikana mupaka leo hata kama alikufa mwaka wa 1955. Anaitwa Frank Hamer. Watu wengi wanamujua kwa jambo moja tu: ni yeye aliongoza wale waliomaliza Bonnie na Clyde, wezi wa banki, mwaka wa 1934. Lakini ile ilikuwa asubui moja tu katika kazi ya karibu miaka 30. Mimi nimemuchagua juu katika maisha yake kuna mambo yenye yatafurahisha kila mufanyakazi, na kuna mengine yenye yatamuumiza. Yote mawili yalifanywa na mukono moja.

Mutoto wa mufua vyuma

Frank Hamer alizaliwa tarehe 17 mwezi wa tatu, 1884, mahali panaitwa Fairview, mu jimbo la Texas, kusini ya Marekani. Baba yake alikuwa mufua vyuma. Frank alikomalia ku moto wa baba yake, anapiga nyundo, anashika mateke ya farasi. Masomo yake hayakufika mbali. Lakini nyundo ilimupatia mabega, na wakati alikomaa alifika karibu metre 1 na santimetre 90. Mutu kama huyu, hata kabla hajasema neno, watu wanamupisha njia.

Wanasimulia kama wakati alikuwa kijana wa miaka 16 hivi, alitumika ku mashamba ya mutu mumoja. Siku moja ule patron alimuita pembeni na kumuahidi feza kusudi aue jirani yake, tajiri wa ngombe. Kijana alikataa. Tena akaenda kumuonya ule jirani. Patron alikasirika, akamupiga Frank masasi, na kijana akaponea chupuchupu. Mu mwili wake masasi yaliingia mara mingi katika miaka yenye ilifuata, lakini ya kwanza aliyapata juu alikataa feza ya kuua. Mulishike hili jambo, tutalirudilia mbele.

Mwaka wa 1905, wakati alikuwa anatumika kama muchungaji wa ngombe na farasi, alimushika mwizi wa farasi. Mukubwa wa polisi wa pale akaona huyu kijana anaweza kazi. Mwaka wenye ulifuata, 1906, Frank aliingia mu kikosi cha Texas Rangers. Hawa walikuwa polisi wa jimbo zima. Walikuwa wachache, walitembea na farasi, walilala inje, na walitumwa kila mahali kwenye polisi wa muji wameshindwa ao wameogopa.

Mwishoni mwa 1908, na umri wa miaka 24 tu, aliacha kikosi na kuwa mukubwa wa polisi wa muji wa Navasota. Ule muji ulikuwa na sifa mbaya sana: watu walipigana bunduki ku barabara kubwa muchana kweupe, na hakuna aliyeuliza. Hamer alifunga kile kiwanda cha maiti. Kijana mumoja mweusi wa pale, Mance Lipscomb, alikuwa anamuendeshea gari lake la farasi. Nyuma ya miaka mingi ule kijana akawa muimbaji mukubwa wa muziki wa blues, na aliendelea kumusimulia Hamer mupaka uzee wake. Mu Texas ya wakati ule, mutu mweusi kusimulia polisi mweupe bila chuki, haikuwa kitu cha kila siku.

Doa la Brownsville

Hapa sitaki kuficha kitu. Ukisimulia maisha ya mutu, unasimulia yote, kama hapana ni afazali unyamaze.

Mu miaka ya 1915 na 1916, ku mupaka wa Texas na Meksiko kulikuwa vita ya mapori. Texas Rangers na watu wa bunduki waliua mamia ya watu wa asili ya Meksiko, na wengi kati yao walikuwa wakulima tu, bila kosa, bila tribinali. Deputé mumoja wa Texas, José Tomás Canales, naye mwenyewe wa asili ya Meksiko, aliamua kusema. Alipeleka malalamiko ku serikali juu ya matendo ya ile polisi.

Mwezi wa 12, 1918, mu muji wa Brownsville, Hamer alimukutana Canales ku njia. Alimuelewesha kama akiendelea kulalamika, ataumia. Ni kusema, mutu wa serikali, na bastola ku mukanda, alimutisha mutu mwenye watu walichagua, juu aliuliza haki ya watu wake. Canales aliogopa kama mutu yeyote angeogopa, lakini hakunyamaza. Mwanzoni mwa 1919 alileta mashitaka 19 mbele ya bunge. Ile kazi yake ilifanya kikosi kipunguzwe sana, na watu wengi wakafukuzwa. Hamer hakufukuzwa. Hakupewa hata azabu.

Ndugu yangu, kama uko delegué syndical, unajua ile njia. Unajua wakati mutu mukubwa anakukutana peke yako, anakushika bega polepole, anakuuliza habari ya watoto wako. Kwa hiyo mimi ninasema: siku ile ku Brownsville, hodari alikuwa Canales.

Miji ya petroli

Mwaka wa 1922, Hamer alikuwa kapiteni mukubwa wa Rangers mu Austin, muji mukubwa wa Texas kwa mambo ya serikali. Ile ilikuwa miaka ya petroli. Mahali wanatoboa udongo na mafuta yanaruka juu, palepale muji unazaliwa: leo vijumba elfu moja, kesho watu elfu makumi. Watu wa Kolwezi hawahitaji kufasiriwa. Wakati kobalti ilionekana chini ya nyumba za Kasulo mwaka wa 2014, tuliona namna gani udongo wenye utajiri unaita kila aina ya mutu: wachimbaji wenye njaa, wauzaji wa pombe, wenye kukopesha feza, na wanyanganyi.

Mu Mexia, mwanzoni mwa 1922, ilikuwa vile. Pombe ilikuwa imekatazwa mu Marekani yote, lakini kule ilitoka kama maji. Nyumba za mucheza zilikuwa wazi usiku na muchana, na polisi wa pale walikuwa wanakula pamoja na wenye zile nyumba. Hamer na watu wake waliingia kwa nguvu, wakafunga nyumba, wakavunja vyombo vya pombe, na gavana akaweka muji chini ya mamlaka ya waaskari. Mwaka wa 1927 akatumwa Borger, muji mwingine wa petroli, kwenye kazi ilikuwa ile ile: kuondoa wakubwa wenye waligeuza polisi kuwa duka.

Mujue kama mufanyakazi wa petroli ndiye alikuwa anapoteza wa kwanza mu ile miji. Mushahara wake ulibaki ku meza ya mucheza, ao ulichukuliwa na mwizi njiani. Kwa hiyo wakati Hamer alifika, wafanyakazi hawakulia.

Feza ya maiti

Sasa tunafika kwa jambo lenye kwangu ni kubwa kupita yote, hata kupita Bonnie na Clyde.

Mwishoni mwa 1927, wezi wa banki walikuwa wamesumbua Texas sana. Chama cha wenye banki kikatangaza prime ya dola 5000 kwa kila mwizi wa banki mwenye ataletwa amekufa. Kwa mwenye ataletwa muzima, hakuna hata santime moja. Dola 5000 wakati ule zilikuwa mishahara ya mufanyakazi ya miaka mingi. Walifikiri wezi wataogopa.

Hamer alianza kuona kitu cha ajabu. Kila mara wezi wanakufa usiku, mbele ya banki yenye imefungwa, na waliowaua ni watu wale wale. Na wale wezi, ukiwaangalia, ni nani? Walevi, vijana bila kazi, watu wenye hawajui hata kufungua mulango wa banki. Mu muji wa Stanton, mwisho wa mwaka ule, wanaume wa asili ya Meksiko wenye walikuwa wanatafuta kazi waliahidiwa kazi, wakapandishwa mu gari, wakashushwa mbele ya banki, na palepale wakapigwa masasi. Wawili walikufa. Walikuja na njaa ya kazi, wakageuzwa kuwa feza.

Hamer alifanya uchunguzi, akakusanya maneno. Aliwaendea wakubwa wa banki, akawaonyesha, akawaomba waondoe ile prime ao waigeuze. Wakakataa. Kwao mambo yalikuwa yanaendelea muzuri. Tribinali za pale nazo zilikuwa zinavuta miguu, juu kila muji una banki, na kila banki ina marafiki.

Basi mwezi wa tatu, 1928, Hamer alifanya kitu chenye mutu wa polisi hafanyi: aliwaita waandishi wa magazeti mu Austin na kuwapatia karatasi zenye alikuwa ameandika kila kitu. Aliwaambia waziwazi kama ile prime imezaa biashara ya kuua watu. Habari ilitapakaa mu inchi yote. Wenye waliua ku Stanton walikamatwa. Wenye banki hawakufurahi, lakini hawakuweza tena kusema hawajui.

Muangalie vizuri: hapa hakupiga hata lisasi moja. Alishika karatasi, akataja mambo, akashindana na watu wenye feza kupita wote mu jimbo. Ule kijana mwenye alikataa feza ya kuua jirani alikuwa angali anaishi ndani ya huyu mwanaume wa miaka karibu 44.

Moto wa Sherman

Tarehe 9 mwezi wa tano, 1930, Hamer alitumwa mu muji wa Sherman na wenzake watatu tu. Mufanyakazi wa shamba mumoja mweusi, George Hughes, alikuwa anahukumiwa, anashitakiwa kumushambulia mwanamuke mweupe. Inje, watu kwa mamia, kisha maelfu, walitaka wapewe ule mutu wamuue.

Walijaribu kupanda ngazi za tribinali zaidi ya mara moja. Hamer alisimama juu ya ngazi na bunduki, akapiga, akaumiza wengine, na wakarudi chini. Kati ya watu kulikuwa uvumi kama gavana amekataza polisi kupiga masasi. Gavana alisema nyuma kama si kweli, lakini uvumi ulitosha kupatia watu ujasiri.

Wakati walishindwa kupanda, waliwasha nyumba moto. George Hughes alikuwa amefungiwa ndani ya chumba cha chuma na beton, kwenye wanawekea karatasi za serikali, kusudi awe salama. Hamer na wenzake walitoka inje kwa kuponyoka moto. Hughes alibaki ndani. Nyuma, watu walikata ule mulango na moto wa kukatia chuma, wakapasua na dinamiti, wakatoa maiti, wakaitundika ku muti na kuichoma. Kisha wakaenda kuchoma maduka na ofisi za watu weusi wa muji. Watu 14 walishitakiwa. Hakuna hata mumoja mwenye alihukumiwa kwa kosa la kuua.

Wachimbaji wa chini ya udongo, ninyi munajua mambo ya moshi mahali kumefungwa. Munajua maana ya mutu kubaki nyuma wakati wengine wamepanda. Sina haja ya kuongeza neno. Wengine walimulaumu Hamer kama alitoka bila mufungwa wake. Wengine walisema watu wane hawawezi kuzuia muji muzima na moto juu. Mimi ninasema mbili zote ni kweli, na George Hughes alikufa.

Siku 102 ku barabara

Mwaka wa 1932, mu mwezi wa 11, Hamer aliacha kazi. Gavana mupya alikuwa anakuja, Miriam Ferguson, na Hamer hakumupenda yeye na bwana yake. Alifanya vizuri kutoka mapema, juu mwanzoni mwa 1933 ule mama alifukuza Rangers wote. Lakini zamani haikupita mingi, serikali ikarudi kumutafuta.

Clyde Barrow na Bonnie Parker walikuwa vijana wa watu maskini wa Dallas. Tusiwapambe. Watu wenye kikundi chao kiliua wanahesabiwa kufika 13 hivi, na wengi walikuwa polisi wa cheo cha chini, ba baba wa watoto. Lakini tuseme tena kama Clyde aliingia mu gereza ya mashamba ya Eastham mwizi mudogo, na akatoka muuaji. Kule wafungwa walikuwa wanapigwa, wanatumikishwa mu mashamba ya pamba mupaka wengine wanajikata vidole kusudi wapumzike. Clyde mwenyewe alikatwa vidole viwili vya muguu. Tarehe 16 mwezi wa kwanza, 1934, alirudi kule na bunduki, akatorosha wafungwa, na mulinzi mumoja akauawa. Mukubwa wa magereza ya Texas, Lee Simmons, akaenda kubisha ku mulango wa Hamer.

Hapa njo Hamer alikuwa polisi wa barabara. Texas ilikuwa na kikosi kipya cha barabara kuu, chenye kilianza mwaka wa 1927 na watu wa pikipiki wenye walikuwa wanapima uzito wa ma camion. Mu kile kikosi njo walimuandikisha, mushahara dola 180 kwa mwezi. Alikuwa na miaka karibu 50, mukubwa wa tumbo kidogo, mwenye sifa ya zamani.

Hakupewa ofisi. Alipewa barabara. Kwa siku 102, kuanzia mwezi wa pili, aliishi mu gari. Alilala mu gari, alikula njiani. Alisoma wezi kama muwindaji anasoma nyayo: wanapenda sigara gani, wanalala wapi, wanapita njia gani. Aligundua mambo mawili. La kwanza: wanazunguka ku mipaka ya majimbo matano, juu polisi wa jimbo moja hawakuweza kuvuka mupaka kufuata mutu. La pili: mutu hata akiwa mubaya namna gani, atarudi kuona mama yake. Walikuwa wanatembelea jamaa za kila mumoja kwa zamu.

Katikati ya ile kazi, tarehe 1 mwezi wa ine, siku ya Pasaka, karibu na Grapevine, polisi wawili wa barabara kuu waliona gari limesimama pembeni. Walisimamisha pikipiki zao. Walipigwa masasi na kufa palepale. Mumoja, H. D. Murphy, ilikuwa siku yake ya kwanza ku kazi ya pikipiki, na ndoa yake ilikuwa karibu. Watu wengi wenye walikuwa wanashangilia Bonnie na Clyde kama mashujaa wa maskini, siku ile waliacha.

Zamu yenye ilikuwa inafuata ilikuwa ya jamaa ya Henry Methvin, mwenzao, mu Louisiana. Baba ya Henry alikubali kusaidia kama mutoto wake atasamehewa mu Texas. Tarehe 23 mwezi wa tano, 1934, karibu saa tatu na robo asubui, ku barabara ndogo ya Gibsland, polisi sita walikuwa wamejificha mu majani. Mbele yao camion ya muzee Methvin imesimama, gurudumu moja limetolewa, kama gari lenye limeharibika. Ford ya Clyde ilipunguza mbio. Masasi zaidi ya 100 yalipigwa mu muda mufupi. Clyde alikuwa na miaka 25, Bonnie 23. Hawakupata nafasi ya kuinua mikono.

Kisha watu walikuja wakakata vipande vya nguo, nywele, vioo vya gari, kila mumoja alitaka ukumbusho. Sehemu ya prime yenye Hamer alipata ilikuwa dola 200 hivi. Wengi walitaka kumulipa afanye hadisi na sinema, naye hakutaka sana kusimulia, zaidi sababu mumoja kati ya wale wawili alikuwa mwanamuke.

Ku upande wa ba patron

Mu vitabu vingi hadisi inaishia pale. Kwetu sisi wa sendika haiwezi kuishia pale.

Nyuma ya 1934, Hamer alikuwa na jina kubwa na mushahara mudogo. Ba kampuni za petroli na za mashua za Houston walikuwa na feza na woga: wafanyakazi walikuwa wameanza kujipanga na kufanya grève. Pamoja na mukubwa wa zamani wa polisi wa Houston, Hamer akafungua kazi ya ulinzi. Alitumikia wale matajiri, anazuia grève, anatawanya wafanyakazi ku milango ya bandari na viwanda. Ule mukono wenye uliinua karatasi mbele ya wenye banki, sasa ulikuwa unalipwa na ndugu zao.

Sisi watu wa Katanga tunajua namna gani grève inavunjwa. Mwezi wa 12, 1941, mu Elisabethville, wafanyakazi wa Union Minière walikusanyika kuuliza mushahara, na waaskari wakawapiga masasi. Wenye walipiga hawakuwa matajiri. Walikuwa watoto wa watu maskini, wenye uniforme.

Nimewaza sana juu ya hili. Sidhani Hamer aliamka asubui moja amekuwa mutu mubaya. Nafikiri alijiona ni yule yule: mutu wa utaratibu, anasimamisha kelele. Mbele ya banki, kelele ilikuwa ya wauaji. Mbele ya bandari, kelele ilikuwa ya ba baba wenye watoto wana njaa. Yeye hakutenganisha. Mutu hodari mwenye hajiulizi kelele inatoka wapi, atatumika kwa kila mwenye atamulipa.

Sanduku la 13

Mara ya mwisho yenye alionekana ilikuwa 1948. Coke Stevenson, gavana wa zamani na rafiki yake, alikuwa ameshindwa uchaguzi wa ndani ya chama kwa kiti cha senateri. Mwenye alishinda ni Lyndon Johnson, yule alikuwa presida wa Marekani nyuma. Alishinda kwa kura 87. Na siku kazaa nyuma ya uchaguzi, mu muji mudogo wa Alice, sanduku la 13 lilikuwa limeongezeka kura 200 na kitu. Majina ya wenye kuchagua yalikuwa yamefuatana kama mu kamusi, na wino moja.

Hamer, muzee wa miaka 64, alienda Alice pamoja na Stevenson kuona ile liste mu banki kwenye ilikuwa imefungiwa. Ku barabara, watu wenye bunduki walikuwa wamesimama. Hamer alitembea polepole mupaka kwao, akawaambia watoke njiani. Wakatoka. Ndani waliona liste kwa muda mufupi tu. Haikusaidia. Johnson alienda Washington. Inaonyesha kama kuna milango yenye hata bastola ya mutu hodari haifungui.

Mwenye aliacha nyuma

Mwaka wa 1945, mutoto wake Billy alikufa mu vita ku kisiwa cha Iwo Jima. Wenye walimujua Hamer walisema ile ilimuvunja. Tarehe 10 mwezi wa saba, 1955, alikufa usingizini nyumbani kwake mu Austin, na miaka 71. Alizikwa karibu na mutoto wake. Wengine wanasema aliua watu zaidi ya 50. Ile hesabu hakuna mwenye aliihakikisha, ni hesabu ya kusimulia usiku.

Mwaka wa 1967, sinema ya Bonnie na Clyde ilimuonyesha kama mutu mupumbafu, mwenye kulipiza kisasi. Muke wake Gladys na mutoto wao walishitaki wenye sinema, na mwaka wa 1971 mambo yaliishia kwa mapatano na malipo. Mwaka wa 2019 sinema ingine ikamugeuza tena kuwa shujaa safi.

Hakuwa mupumbafu, na safi hakuwa. Mimi ninabeba siku mbili za maisha yake. Ya kwanza ni ile ya mwezi wa tatu 1928, wakati alionyesha inchi nzima kama feza ya wakubwa inanunua maiti za wasio na kazi. Ya pili ni siku yoyote ya Houston, amesimama ku mulango wa kampuni, mbele ya wafanyakazi.

Ndugu zangu, watoto wetu wengi leo wanatafuta kazi ya ulinzi ku migodi, mu polisi, mu jeshi. Si mubaya, nyumba inahitaji kula. Lakini baba akimupeleka mutoto kuvaa ile uniforme, amusimulie Frank Hamer yote, tangu ule patron wa shamba mwenye aliahidi feza mupaka ku bandari ya Houston. Amuambie kama kuna siku ataagizwa kusimama mbele ya watu wenye wanauliza mushahara wao, na kati yao atatambua uso wa baba yake. Afazali awe amewaza jibu mbele ya ile siku.